Herufi Chini ya Lehemu

Sehemu ya Saba

"Fundi, liweke chini hilo bakuli. Taratibu."

Teodori hakuliweka. Wala hakuwa mbishi. Kidole gumba chake kilikuwa kimezama kwenye majivu yaliyolowa ndimu, kinasugua ukingo wa bakuli, na neno la mwisho ndiyo kwanza lilikuwa linatoka kwenye weusi. Mtu aliyezoea kufungua saa hawezi kuacha skrubu ya mwisho nusu kwa sababu tu kivuli kimeingia mlangoni.

"Herufi moja tu," alisema bila kugeuka. "Nimalizie R."

Halafu ile sauti ikasema, "Malizia."

Akamalizia. C, O, R. Akafuta kwa kitambaa, akatoa kioo chake cha kukuzia jichoni, akageuka.

Poleni nyote mliokaa wiki nzima mkibashiri kuwa ni jambazi. Aliyesimama mlangoni alikuwa Sajini Bushiri wa kituo cha polisi, kofia kwapani, na nyuma yake mgambo Fabiani akiwa na rungu lake. Na kwa mwaka ule, heri angekuwa jambazi. Jambazi angechukua bakuli tu, si fundi pia.

Ulikuwa mwaka wa themanini na tatu, mwaka wa msako wa wahujumu uchumi. Mtu akionekana na vipande viwili vya sabuni, ilimlazimu aeleze cha pili ni cha nani. Babati nzima ilisimuliana habari za mfanyabiashara aliyemwaga katoni za sabuni ya unga ziwani, na eti kesho yake viboko wakaibuka na povu masikioni kama watu waliokimbia kinyozi katikati ya kunyolewa.

Katika mji wa namna hiyo, fundi saa Teodori alikuwa ameketi mezani na bakuli la madini ya fedha linalong'aa kama mwezi.

"Ni la nani?" Sajini aliuliza.

"La Gidamis, afande. Mfugaji wa kule nyanda za Hanang'. Aliniletea nizibe tundu. Ng'ombe alilikanyaga."

"Ng'ombe alikanyaga fedha."

"Walikuwa wakilinywea pombe ya asali kwenye kikao cha wazee. Lilikuwa jeusi tii kwa moshi. Hata mimi nilidhani ni bati."

"Na Gidamis mwenyewe yuko wapi?"

Hapo ndipo Teodori alipokohoa. "Amehamisha ng'ombe. Malisho yameisha huku. Yuko mbele ya Basotu, anarudi siku ya mnada."

Fabiani akacheka kwa pua. "Kila mali ya wizi, afande, mwenyewe yuko mbele ya Basotu."

"Nyamaza," Sajini alisema, lakini bila ukali. Alivuta kigoda akakaa. Alikuwa mtu wa Tanga, Mwislamu mpole wa kusema, na ndevu zake zilikuwa zimeanza mvi. "Fundi, nisikilize. Redio imetangaza. Kanisa moja, mbali na hapa, limeibiwa vyombo vya fedha vya ibada. Sisi huku tumepata habari kwamba dirishani kwako kuna bakuli la fedha lenye maandishi ya kanisani. Gari la mkoa linatoka Arusha, kesho saa nne liko hapa kuchukua watuhumiwa. Wewe ungekuwa mimi ungefanya nini?"

Teodori aliwaza. Kwa kawaida yake alihesabu kwa vidole, polepole, kama anayepanga magurudumu ya saa kwenye kitambaa.

"Ningeuliza bakuli," alisema.

"Bakuli?"

"Gidamis alinieleza kwamba marehemu baba yake, mzee Gidahoda, alipewa bakuli hili na padre Mzungu. Padre alishikwa na homa nyikani, mzee akambeba kwenye punda siku mbili hadi misheni. Sasa hayo ni maneno ya mtu asiyekuwepo, na wewe huwezi kuyaandika kwenye jalada. Lakini maandishi haya yapo. Nimesafisha mistari miwili. Kama yanasema ni mali ya kanisa, nitapanda gari mwenyewe, hutanisukuma. Kama yanasema jingine, uandike hilo jingine."

Sajini akaliinamia bakuli. Ukingoni palichongwa kwa ustadi:

LAVA MANUS LAVA COR

Na chini yake, kwa herufi ndogo zaidi:

MATER FILIO DEDIT

"Hiki ndicho Kilatini?"

"Nadhani, afande. Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa."

"Na mimi ndiyo usiniulize kabisa," alisema Sajini Bushiri. "Padre je?"

"Yuko Mbulu kwenye mafungo. Mpaka Jumapili."

Sajini alitazama saa yake, saa ambayo Teodori mwenyewe aliitengeneza mwaka juzi na ambayo haijawahi kuchelewa. Saa nne na nusu asubuhi. Mchana mzima uko mbele.

"Nani mwingine anajua Kilatini Babati hii?"

* * *

Mama Kandida wa Nangara, ambaye wengi humwita Mama Domina, hakujua Kilatini. Alikiimba.

Miaka ya ujana wake kule milimani Mbulu alikuwa sauti ya kwanza ya kwaya, wakati Misa ilipokuwa bado ya Kilatini mwanzo hadi mwisho. Ibada ilipobadilishwa kuwa ya Kiswahili yeye hakusahau kitu. Mpaka leo akipalilia mahindi utamsikia, beti kwa beti, na mbuzi wa jirani wamesimama wanasikiliza.

Walimkuta anapepeta maharage uani. Msafara wenyewe ulikuwa wa kuchekesha. Gari la kituo halikuwa na petroli tangu Jumatatu, kwa hiyo Sajini alikokota baiskeli, bakuli likiwa ndani ya kikapu cha mbele, limefunikwa kwa kofia yake. Teodori alitembea pembeni. Fabiani alibaki kituoni kupokea simu.

"Shikamoo, Mama Domina."

"Marahaba, Teodori. Shikamoo yako naipokea, ila huyo polisi ni wa nini? Mimi sina hata sukari ya kuhujumu."

"Shikamoo, mama," Sajini alisema.

"Marahaba, mwanangu. Kaa, lakini si hapo, kuna kuku anaatamia."

Teodori alimweleza. Akaweka bakuli kwenye ungo, juu ya maharage. Mama Kandida akapangusa mikono kwenye khanga, akafuata herufi kwa kidole, na papo hapo uso wake ukawaka.

"Cor! Hii mtu ananiuliza? Cor Jesu. Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi tulikuwa tunaimba hii. Ni moyo. Moyo Mtakatifu."

Sajini akatoa daftari. Akaandika: moyo.

"Mater. Uh! Mater ni Mama. Bikira Maria. Na huyu Filio ni yule yule wa kwenye ishara ya msalaba, Patris et Filii. Ni Mwana. Yesu." Akainua kichwa, amefurahi kama aliyepata alama zote darasani. "Moyo Mtakatifu, Bikira Maria na Yesu. Hiki ni chombo cha kanisa, Teodori. Kabisa. Umekitoa wapi?"

Ndugu msomaji, kuna watu wanaweza kukufunga jela huku wanakutabasamia.

Kalamu ya Sajini ilikuwa imeanza kuandika. Teodori alitazama ncha yake ikisogea: mali ya ka... Hata hivyo sauti yake ilitoka pole kama kawaida.

"Afande, naomba usifunge mstari huo. Tumesoma maneno matatu kati ya saba. Saa ikibaki na vipande vinne mezani, siwezi kumwambia mwenyewe imepona."

Kalamu ikasimama.

"Mama, haya mengine je? Lava. Manus. Dedit."

Mama Kandida akafumba macho. Akaanza kuimba kwa sauti ya chini, kutoka mwanzo wa Misa, haraka haraka, kama mtu anayepita njia anayoijua akitafuta mahali alipodondosha ufunguo. Alipita Kyrie. Akapita Gloria yote bila kuvuta pumzi. Akaingia Credo, akazama huko, akatokea Sanctus, akafika mwisho. Sajini Bushiri alisikiliza kwa adabu, mikono magotini.

"Hayamo," mama alisema, akafumbua macho. "Haya si maneno ya kwaya."

"Basi si ya kanisa!" Teodori aliruka.

"Nani kakwambia? Kuna yale ya kwaya, halafu kuna yale padre aliyokuwa akinong'ona kule mbele, ametupa mgongo. Sisi huku nyuma hatukuyasikia hata siku moja."

"Nani aliyasikia?"

Mama Kandida akachukua ungo wake, akatoa bakuli juu ya maharage, akaendelea kupepeta. Alipepeta kwa nguvu kuliko maharage yalivyohitaji.

"Mtumikiaji wa altare," alisema hatimaye.

"Yupo aliye hai hapa Babati?"

"Yupo mmoja. Ila mimi jina lake silitaji."

"Mama Domina, kesho saa nne naenda Arusha."

"Nalijua jina lako, Teodori, na la marehemu mama yako pia, na nitakuombea. La yule mzee silitaji. Anakaa Nakwa, karibu na kisima. Ana mdomo umepinda kidogo kwa kucheka cheka ovyo. Mwaka wa arobaini na tisa aliniambia nimsubiri, akaenda Mbulu mjini kununua shati, akarudi ameoa Mlutheri. Na yeye mwenyewe amekuwa Mlutheri."

"Mzee Leonsi?" Teodori aliuliza. "Yule baba Severine? Tunakaa naye benchi moja kanisani!"

"Umelitaja wewe," alisema Mama Kandida. Kisha akasimama, akajifunga khanga ya pili. "Twendeni. Mtasoma vibaya nisipokuwepo."

* * *

Mzee Leonsi alikuwa anapukuchua mahindi kivulini. Alipoona polisi hakushtuka. Alipomwona Mama Kandida nyuma ya polisi, gunzi lilimponyoka.

"Kandida."

"Usinisalimie. Nimekuja kwa kazi ya serikali."

"Miaka thelathini na minne, ndiyo unakuja na askari?"

"Ningemleta mapema zaidi, hapakuwa na gari."

Teodori aliingilia kati, shikamoo zikatolewa, mke wa mzee akaleta viti na kumkaribisha Mama Kandida kwa heshima zote, jambo lililomuudhi mama zaidi ya kitu chochote siku ile. Bakuli likawekwa mezani. Leonsi aliyatazama maneno. Akatikisa kichwa.

"Mimi sikusoma Kilatini, bwana fundi. Hata Kiswahili nilikisomea ukubwani. Nilikuwa naitikia tu."

"Hukumbuki hata moja?"

"Kichwani hamna. Miaka mingi." Akaangalia mikono yake, mikubwa, yenye unga wa mahindi. "Lakini hebu. Mama Severine, niletee birika la maji. Na taulo."

Vikaja. Leonsi akasimama. Akatupa taulo begani kushoto, akashika birika kwa mkono wa kulia.

"Bwana fundi, wewe ni padre."

"Mimi?"

"Simama hapa. Nyosha vidole juu ya bakuli. Siyo hivyo, unaonekana unaomba chakula. Hivi."

Teodori akanyosha. Leonsi akasogea, na mwili wake mzee ukakaa ghafla kama wa kijana, mgongo wima, visigino pamoja. Akamimina. Maji yalipogusa vidole vya Teodori, midomo ya mzee ikaanza kucheza yenyewe.

"Lavabo..." alinong'ona. "...manus..." Akasimamisha birika. "Ni hapa! Padre alikuwa anasema hivi hivi, mimi namimina. Lava ni kunawa! Manus ni mikono! Nanawa mikono! Kila siku, saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Mbulu, maji kama barafu. Nilikisema Kilatini hiki kwa mikono yangu miaka sita!"

Hata Mama Kandida alisahau kununa. "Sisi tulikuwa tunafikiri mnanong'ona mambo makubwa," alisema. "Kumbe mlikuwa mnanawa."

"Nawa mikono, nawa moyo," Teodori alisema polepole, akiunganisha. "Ndiyo mstari wa kwanza. Na dedit, mzee?"

"Hiyo nilikuwa nimeshika kengele. Padre ameinama juu ya mkate. Alitwaa, akaumega, dedit... akawapa. Dedit ni kutoa. Ni kumpa mtu."

Sajini Bushiri alikuwa ameandika yote. Alisoma kwa sauti ya ofisini: "Bakuli ni la kunawia mikono padre wakati wa ibada. Maandishi yanasema nawa mikono, nawa moyo. Bikira Maria alimpa Yesu." Akafunga daftari. Akamtazama Teodori kwa huruma ya kweli. "Fundi, nimekupa mchana mzima. Umenifanyia kazi yangu vizuri kuliko mpelelezi. Ila umejipeleleza mwenyewe."

Maji yalikuwa bado yanadondoka kwenye vidole vya Teodori. Hakuyafuta. Kuna kitu kilikuwa hakikai sawa, kama gurudumu linaloingia mahali pake lakini halizunguki.

"Mama Domina," alisema. "Bikira Maria alimpa Yesu bakuli?"

"Ndivyo inavyosema."

"Bakuli la kunawia? Lini?"

"Sasa mimi nitajuaje? Wewe ndiye Mlutheri, mnasoma soma kila kitu."

"Hakuna kokote. Hata Wakatoliki hawana." Teodori alihesabu kidole cha kwanza. "Imeandikwa mama alimpa mwana. Mbona lazima awe Bikira?"

Mama Kandida alimwangalia kama mtu aliyeuliza kwa nini maji yanalowesha. "Teodori. Kwa Kilatini kuna mama mmoja tu."

"Hata mimi sijasikia mwingine," Leonsi aliunga mkono, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa arobaini na tisa walikubaliana.

"Kwa Kilatini mlichofundishwa. Mlikisikia kanisani, basi kila aliyemo lazima awe mtakatifu." Kidole cha pili. "Lakini yule padre wa homa, aliyebebwa na punda. Yeye hakuwa na mama?"

Kuku alipita chini ya meza.

"Alikuwa naye," mzee Leonsi alisema taratibu. "Wote walikuwa nao. Padre wetu alikuwa na picha yake kwenye kitabu. Mwanamke mfupi mwenye kilemba. Alimpelekea saa na blanketi siku alipopata upadre. Tulishangaa sana, kumbe padre naye anatumiwa blanketi."

"Basi huyu alitumiwa bakuli," alisema Teodori. "Si mali ya kanisa, afande. Mama amempa mtoto wake. Ni lake mwenyewe, anaweza kumpa amtakaye."

Sajini akafungua daftari tena. Akaandika, akafuta, akasugua kidevu.

"Vizuri. Limetoka kwa mama, limefika kwa padre. Nakubali. Sasa limefikaje kwa mfugaji? Padre ana homa, amelala juu ya punda, hajitambui, na bakuli la fedha liko mfukoni. Wakubwa wangu wataniambia Gidahoda alijisaidia mwenyewe. Na wewe umeshika mali ya wizi wa baba badala ya wizi wa mwana. Gari ni lile lile."

Mama Kandida ndiye aliyeokoa. Alikuwa ameinua bakuli amwage maji, kwa sababu hawezi kuona chombo kimekaa na maji machafu. Akaligeuza. Maji yakatiririka ubavuni, yakachukua majivu ambayo Teodori hakuwahi kuyafikia asubuhi.

"Na haya makwaruzo?" aliuliza.

Teodori akachukua bakuli, akaweka kioo jichoni. Mstari wa tatu. Haukuchongwa na fundi. Ulikwaruzwa kwa ncha ya msumari au kisu, herufi zimeinama kama mwandishi alikuwa anatetemeka, au amelala, au ana homa.

FILIUS DEDIT

"Filius," Mama Kandida alisoma juu ya bega lake. "Mwana."

"Dedit," Leonsi alisema. "Akampa."

"Akampa nani?" Sajini aliuliza. Wote wanne waliinama hata vichwa vikagongana.

Baada ya DEDIT palikuwa na kiraka cha lehemu, kipana kama shilingi, laini, kimesuguliwa kikasuguliwa. Jina lilikuwa chini yake.

"Nani mjinga ameweka lehemu juu ya maandishi?" alisema Mama Kandida.

Teodori alitoa kioo jichoni.

"Mimi," alisema.

* * *

Kila fundi ana sheria yake. Ya Teodori, aliyojifundisha mwenyewe bila mwalimu, ilikuwa hii: safisha kwanza, ndipo utengeneze. Ameivunja mara moja tu maishani. Siku ile Gidamis alipoleta bakuli, jiko lilikuwa limeshawaka kwa ajili ya sufuria mbili za watu, na mkaa ulikuwa haupatikani. Akaona asipoteze moto. Akakwangua weusi kidogo kuzunguka tundu kwa kisu, akaona mikwaruzo, akajiambia ni kwato za ng'ombe, akabandika lehemu aliyoibandua kwenye redio mbovu.

Hazikuwa kwato.

"Naibandua," alisema, walipofika dukani karibu na soko. Ilikuwa imetimia saa kumi na moja jioni.

"Hubandui kitu," Sajini alisema. "Hiki sasa ni kielelezo cha serikali. Nikipeleka kielelezo chenye tundu, nani atasema tundu halikutobolewa na polisi?"

"Tundu lilikuwepo, afande. Mimi ndiye niliyeliondoa. Nalirudisha tu."

Nje watu wa soko walikuwa wanafunga mizigo. Mama Kandida na mzee Leonsi walikuwa wamekaa benchi moja, ncha hii na ncha ile, kila mmoja akitazama upande wake.

"Nitaandika kwamba mlifanya mbele yangu," Sajini alisema mwishoni. "Washa."

Mkaa uliobaki ulijaa konzi mbili. Teodori aliupanga kipande kwa kipande, akapuliza, akatia chuma cha kulehemu kikaiva. Hakuwa na haraka. Mwenye haraka angemimina moto wote, na lehemu ingeyeyuka ikaingia ndani zaidi ya mikwaruzo. Yeye aligusa ukingo wa kiraka, akainua, akafuta kwa kitambaa. Akagusa, akainua, akafuta.

"Unapaka dawa au unabandua?" Mama Kandida aliuliza.

"Mwache mtu wa watu," Leonsi alisema kutoka ncha ya pili.

"Nimekuuliza wewe?"

Ukingo ulirudi nyuma kwa upana wa uzi. Halafu uzi mwingine. Teodori aliweka kioo, akafuta jasho, akakwangua kwa kucha. Mkunjo ukatokea. Mkunjo ukawa duara lililo wazi, na ndani yake kijiti.

"G," alisema.

G ya Gidahoda! Mwana akampa Gidahoda. Aliona mlango wa nyumba yake, aliona gari la Arusha likiondoka bila yeye.

"Gloria!" Mama Kandida alisema, amepiga makofi. "Mwana ametoa utukufu. Kwa utukufu wa Mungu. Vyombo vyote vya kanisa viliandikwa hivyo."

Makofi yalikuwa ya furaha tupu. Alipoona nyuso za wengine, akaishusha mikono yake taratibu mapajani.

Sajini aliuliza bila kumtazama mtu, "Ikiwa ni Gloria, maana yake ni nini?"

"Maana yake," mzee Leonsi alijibu kwa shida, "padre alilitoa kwa Mungu. Yaani kwa kanisa."

"Na mtu akalichukua huko kanisani."

"Ndiyo."

"Na ikiwa Gidahoda?"

"Basi ni zawadi," alisema Teodori, "na mimi ni fundi tu."

Akarudisha chuma kwenye mkaa. Mkaa ulikuwa umebaki macho mawili mekundu. Akapuliza, likabaki jicho moja. Akagusa, akainua, akafuta. Lehemu ilirudi nyuma kidogo sana, kama ng'ombe mkaidi mlangoni pa zizi, na pembeni ya G kikajitokeza kichwa cha mstari uliosimama wima. Akagusa tena. Mstari ukashuka hadi nusu. Akagusa mara ya tatu, na chuma hakikuyeyusha tena chochote. Jicho la mwisho la mkaa lilikuwa jivu.

"Nani ana mkaa?" Hakuna. "Kibatari?" Mafuta ya taa hayakuonekana Babati tangu wiki iliyopita. Jua lilikuwa limeingia nyuma ya mlima na duka likawa la kijivu. Lehemu hukataa mtu asiyeiona. Mkwaruzo mmoja wa ziada, na kisu kinafuta jina milele.

"Basi, tuache," alisema. "Jua la asubuhi linaingia dirisha hili saa moja na robo. Mama Domina ataleta mkaa wake wa kupikia. Kabla ya saa tatu nitakuwa nimemaliza jina lote, na gari ni saa nne."

Sajini alikubali kwa kichwa. Alikuwa anafunga bakuli kwenye kitambaa mgambo Fabiani alipoingia mbio, rungu likimgonga miguu.

"Afande! Simu kutoka Magugu. Gari la mkoa halingoji kesho, limeshafika pale, linaziba pancha. Linalala hapa kwetu. Wamesema watuhumiwa wote wawe tayari na vielelezo vyao, wanaondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri."

Saa kumi na moja na nusu. Jua saa moja na robo.

Mama Kandida alisogea karibu na Teodori, akanong'ona bila kutikisa midomo, ufundi aliojifunza kwenye kwaya: "Njia ya Sigino iko wazi. Mtu mwembamba kama wewe nani atamwona?"

Teodori alikuwa anapanga vifaa vyake mezani, kwa mfuatano wa kazi: kisu kidogo, kitambaa, kucha ya chuma, kioo. Kama mtu atakayerudi kukaa pale pale. Alipomaliza akanyosha mkono, na Sajini Bushiri, bila kuulizwa, akamfunulia bakuli kwa mara ya mwisho.

Fundi alipitisha kidole gumba juu ya mstari ule. Ulianza juu, ukashuka wima, ukazama chini ya lehemu yake mwenyewe.

Kama chini kule hauna mguu, ni I ya Gidahoda, naye ni mtu huru.

Kama una mguu, ni L.